Goma: Mtoto mwenye usonji anahitaji mtu wa kukaa naye kabla ya mashini

Kila jioni umeme ukirudi mtaani Mugunga, magharibi ya mji wa Goma, koko mmoja mwenye kupita miaka 60 anapangusa vumbi kwenye kompyuta ya zamani, anaiweka juu ya meza ya mbao na kumuita mjukuu wake. Mtoto ana miaka 8. Maneno anayosema yanahesabika kwa vidole: maji, hapana, koko, chukudu. Akiitwa jina mara ya kwanza hageuki. Akipata vifuniko vya chupa anavipanga mstari mmoja kutoka mlangoni hadi jikoni, na ole wake atakayevisogeza.

Mtaani kuna maelezo ya namna tatu. Wa kwanza wanasema ni kiziwi. Wa pili wanasema mashini ndiyo ilimuharibu akili. Wa tatu wanashusha sauti na kusema kwamba huyo si mtoto wa kawaida, heri familia impeleke kwa watu wa maombi kabla hajaleta msiba. Wote wamekosea, na kosa la hao wa tatu linaweza kuua.

Kiziwi siye. Anasikia pikipiki ikiwa bado mbali na anaziba masikio. Mashini nayo ilifika nyumbani akiwa na miaka 6, lakini koko aliona tofauti tangu mtoto ana miaka 2, pale alipoacha hata maneno machache aliyokuwa ameanza. Hali hiyo inaitwa usonji. Madaktari wa huku wanasema otisme, kwa Kifaransa. Ni namna ubongo unavyokua tofauti tangu utotoni. Hailetwi na mama kukosa upendo, wala na telefone, wala na chanjo. Yale maandishi ya daktari mmoja wa Uingereza ya mwaka 1998, yaliyotaka kuunganisha usonji na chanjo ya surua, gazeti lile lile lililoyachapisha liliyafuta mwaka 2010. Uvumi wenyewe haukufutika.

Wala si jambo la familia moja yenye bahati mbaya. Shirika la Afya Ulimwenguni linakadiria kwamba mwaka 2021 mtu 1 kati ya 127 hivi duniani alikuwa na usonji. Kwa hesabu hiyo, shule yenye wanafunzi 600 ingekuwa na wanne au watano. Wako wapi? Wengi wako nyumbani, nyuma ya mlango, wanalindwa na bibi zao.

Familia hii ilitoka upande wa Sake mwezi wa pili 2024, mabomu yalipokuwa yakianguka, ikaishi karibu mwaka mzima chini ya bashi katika kambi ya Bulengo. Kwa mtu mwenye usonji, ambaye anapenda kila kitu kibaki mahali pake, kambi ni mateso yasiyo na jina. Kelele usiku na mchana, foleni ya maji inabadilika saa, jirani wa leo si jirani wa kesho. Mara mbili mtoto alipotea kati ya mahema, na hakuweza kumwambia mtu jina lake. Tangu siku hiyo koko alimfunga kipande cha kitenge mkononi, ncha nyingine akajifunga mwenyewe. Watu walimcheka kwamba anafunga mtoto kama mbuzi. Waliocheka hawakuwa wametafuta mtoto asiyejibu, usiku, kati ya maelfu ya mahema yanayofanana.

Vita vilipofika mjini mwezi wa kwanza 2025 na kambi zikabaki tupu, familia ilipata nyumba ya mbao ya kuazima juu ya mawe ya volkano. Ni hapo mtu wa maombi alipokuja. Alitaka mtoto afunge siku tatu bila kula wala kunywa. Koko, ambaye mwenyewe hakosi kanisa hata Jumapili moja, alimjibu hivi: "Mutumishi wa Mungu, utaombea uyu mutoto akiwa ameshiba."

Alijibu vizuri, na sheria iko upande wake. Katiba ya nchi, katika kipengele cha 41, inakataza kumshitaki mtoto kwa uchawi, na sheria ya ulinzi wa mtoto ya tarehe 10 Januari 2009 inaweka azabu juu ya kosa hilo. Wachungaji wengi wanajua. Wanaojua na wananyamaza wanapaswa kuulizwa kwa nini.

Koko hana diploma. Hata hivyo aligundua jambo ambalo wataalamu nao wanalifundisha: neno likisemwa linapita hewani na mtoto halishiki, lakini kitu anachokiona anakishika. Akaanza kukata vipande vya karto. Binamu wa miaka 10, msichana mwenye mkono mzuri, akachora kopo la maji, sahani, choo, kitanda, mlango wa nje. Karto zikatundikwa kwenye kamba karibu na mlango. Kila mara kabla ya kumpa maji, koko alimuonyesha karto ya maji, akaweka mkono wa mtoto juu yake, kisha akampa. Hivyo hivyo kwa majuma. Jirani mmoja alimuuliza kama amekuwa mwalimu wa shule ya chekechea.

Halafu ikaja ile juma ambayo mtoto alianza kugonga kichwa kwenye ukuta wa mbao. Aligonga siku mbili, na sauti za chini mtaani zikapanda. Siku ya tatu binamu alichora uso wenye machozi na kuutundika kwenye kamba. Koko alishika karto hiyo, akagusa tumbo la mtoto, akagusa jino, akagusa sikio. Kwenye sikio mtoto alilia na kunyakua karto, akaibana pale. Kwenye kituo cha afya waliona usaha ndani ya sikio. Dawa ya siku saba, na kichwa hakikugongwa tena. Mtu akitaka kujua faida ya karto ya mkate wa biskuti, ni hiyo.

Sasa tuje kwenye kompyuta, maana hapo ndipo ubishi ulipo. Ni ya mwana wa koko aliyesoma informatike mjini na kuondoka. Betri imekufa, inafanya kazi tu ikiwa kwenye umeme, na umeme ni wa waya wa jirani mwenye kash pawa, ambaye anachangiwa franka kidogo kila juma. Ndani yake kijana huyo aliweka programu mbili za bure ambazo hazihitaji intaneti: GCompris, yenye michezo ya kuhesabu, herufi na kushika panya ya kompyuta, ambayo inaongea Kifaransa, na Tux Paint, ya kuchora. Sauti za Tux Paint ziliwahi kumtoa mtoto mbio hadi barabarani, mpaka binamu alipopata mahali pa kuzizima. Michoro ya karto pia ilitoka humo baadaye: kuna mkusanyo wa picha unaoitwa ARASAAC, wa serikali ya jimbo la Aragon huko Uhispania, ambao watu wanaupata bure kwa ajili ya wasiosema. Kijana alizituma, zikapigwa chapa mjini.

Wajomba walisema iuzwe. Nyumba haina unga wa kutosha, watoto wengine wanahitaji madaftari, na mashini inacheza na mtoto ambaye, kwa maneno yao, hatakuwa kitu. Koko alikataa, na alikuwa na haki kukataa, ingawa si kwa sababu wanayodhania wale wanaomsifu. Mashini haikumfundisha mtoto kusema. Hakuna kompyuta inayoponya usonji, na anayeuza telefone au tableti kwa ahadi hiyo anawaibia maskini. Kazi yake ni ndogo zaidi: inawaweka watu wawili mbele ya kitu kimoja. Binamu anasoma swali, mtoto anabonyeza, wote wanatazama jibu. Mtoto asiyetazama uso wa mtu anatazama mahali ambapo mwenzake anatazama. Na binamu mwenyewe, aliyepoteza mwaka wa shule kambini, amerudia kusoma Kifaransa humo. Siku moja walikuta mtoto ameandika peke yake herufi kubwa: FARINE. Aliitoa kwenye gunia la jikoni, hakuna aliyemwambia.

Ndiyo maana akiachwa peke yake na mashini, koko anaifunga. Hapo wazazi wengi wa Goma wangejifunza kitu, hata wasio na mtoto mwenye usonji. Mama akiwa sokoni tangu asubuhi, telefone ndiyo inabaki na mtoto, na nani atamlaumu? Lakini Shirika la Afya Ulimwenguni lilishauri mwaka 2019 kwamba mtoto wa mwaka mmoja asikae mbele ya skrini, na wa miaka 2 hadi 4 asizidi saa moja kwa siku. Telefone haileti usonji. Inachukua tu saa ambazo mtoto mdogo angesemeshwa.

Taabu kubwa ilikuwa umeme kukatika. Skrini inakuwa nyeusi ghafla, na mtoto anajitupa chini kana kwamba amefiwa. Koko aliweka dawa mbili. Ya kwanza ni viazi: sufuria inawekwa motoni, mchezo unaanza, viazi vikiiva mchezo umekwisha, na mtoto anaruhusiwa kuchoma kiazi kwa kijiti aone mwenyewe. Ya pili ni karto ya taa iliyozimika, ambayo anaonyeshwa kabla ya kuanza, kila siku, hata umeme ukiwa mzuri. Bado analia umeme ukikatika. Halii tena mpaka usiku wa manane.

Shule ni habari nyingine. Mwaka uliopita direkta wa shule moja alimrudisha mtoto siku ile ile, akisema shule yake si ya vichaa. Masomo ya msingi ni bure kwa katiba, na tangu 2019 serikali ilisema inalitekeleza. Sheria ya tarehe 3 Mei 2022 inalinda haki za watu wenye ulemavu, na kusoma ni mojawapo ya haki hizo. Ni kweli mwalimu mwenye watoto wengi hivyo katika chumba kimoja hawezi kuwa daktari. Hakuna anayemuomba hivyo. Anaombwa amuweke mtoto pembeni ya ukuta, mbali na kengele. Amuonyeshe kabla ya kumuambia. Amuache atoke kidogo kelele zikizidi. Na asiwaache wengine wamuite kichaa. Hayo hayahitaji bajeti ya Kinshasa.

Na wanaoandika majina ya walemavu wakati wa msaada, waangalie zaidi ya magongo na vigari. Mtoto huyu anakimbia kuliko wenzake, kwa hiyo kwenye orodha za kambini alihesabiwa mzima. Bibi anayekaa naye hakuulizwa swali hata moja, naye ndiye angejibu yote. Goma kuna kituo cha Tulizo Letu kwa magonjwa ya akili na mishipa ya fahamu, na Bukavu kuna SOSAME. Familia yenye wasiwasi inaweza kubisha hodi huko badala ya kungoja nabii.

Siku hizi koko ana hesabu nyingine. Wajomba wanazungumza kurudi kijijini kabla ya mvua, kwa sababu shamba haliwezi kungoja. Kijijini hakuna umeme, na mashini itabaki Goma kwa jirani. Binamu anaandaa karto mara mbili, kila picha mbili, na kuzifunga kwenye plastiki zisilowe njiani. Moja ya karto mpya ni barabara, na mwisho wa barabara kuna nyumba. Mtoto anaonyeshwa hiyo kila asubuhi, ingawa siku ya safari bado haijajulikana.