Mbwa wa Baskerville na Kiatu Kilichopotea

Wako watu wanaozidharau hadithi za upelelezi, wakisema kuwa ni chakula cha wasio na kazi. Huenda neno hilo likawa kweli kwa vitabu vingi vya namna hiyo, ambavyo mtu akishavisoma mara moja havimfai tena ila kwa kufungia njugu. Lakini kitabu cha Arthur Conan Doyle kiitwacho The Hound of the Baskervilles, kilichotolewa kidogo kidogo katika jarida la Strand la London tangu Agosti 1901 hata Aprili 1902, hakimo katika hesabu hiyo. Mwandishi huyo alikuwa daktari, mzaliwa wa Edinburgh, naye alikwisha kumwua mpelelezi wake Sherlock Holmes katika hadithi ya mwaka 1893 kwa kumchoka. Wasomaji wakanung'unika sana. Basi katika kitabu hiki akamrudisha, akisimulia jambo lililotukia kabla ya mauti hayo.

Jambo lenyewe ni la mirathi. Sir Charles Baskerville, aliyejipatia fedha nyingi Afrika Kusini, alirudi kwao Dartmoor, katika jimbo la Devon, akalitengeneza jumba la wazee wake. Ukoo huo ulikuwa na maandiko ya zamani yaliyosimulia jinsi babu yao mmoja, Hugo, mtu mwovu mno, alivyouawa na mbwa mweusi asiye wa dunia hii, na jinsi laana hiyo ilivyowafuata wajukuu wake. Usiku mmoja Sir Charles akakutwa amekufa nje ya nyumba yake, hana jeraha hata moja. Ikaamuliwa kuwa ni ugonjwa wa moyo. Lakini daktari wake alikuwa ameona karibu na pale alama za nyayo za mbwa mkubwa ajabu, naye akanyamaza mbele ya baraza la uchunguzi, kwa kuwa mtu wa elimu huona haya kuonekana anaamini mazimwi.

Mrithi, Sir Henry, akaja kutoka Kanada, akafikia katika hoteli moja mjini London. Huko akaibiwa kiatu kimoja kipya, ambacho hakijapata kuvaliwa. Kesho yake kikaibwa kimoja cha zamani, kilichochakaa, na kile kipya kikaonekana tena chini ya kabati. Ni mwizi gani achukuaye kiatu kimoja, tena akakirudisha kizuri na kushika kibovu? Msomaji aliyezoea hadithi za bastola huipita habari hiyo mbio, kumbe ndiyo ufunguo wa nyumba nzima. Mkulima afugaye mbwa wa kuwindia huenda akalijua jibu mapema kuliko karani wa ofisini, nalo halitasemwa hapa. Itoshe kusema kwamba Holmes alipokwisha kusikia habari ya viatu hivyo, hakumfikiria shetani tena. Shetani hana haja ya kiatu.

Hofu ya kitabu hiki inatoka hapo hasa. Nyika ile ya Dartmoor, yenye ukungu na kinamasi kinachommeza farasi mzima, inatisha kweli. Lakini la kutisha zaidi ni kwamba yuko mtu aliyejua wenzake wanaogopa nini, akaifanya hofu hiyo kuwa silaha yake. Akifa mwenye shamba na watu wote wakasema ni laana, hakuna atakayeuliza shamba litakwenda kwa nani. Muhammad Said Abdulla wa Unguja aliliona jambo la jinsi hiyo katika mazingira ya kwao. Kitabu chake Mzimu wa Watu wa Kale, kilichopata tuzo ya kwanza katika mashindano ya hadithi ya mwaka 1957-58 na kupigwa chapa mwaka 1960, kinamleta Bwana Msa, mvuta kiko kama Holmes, mahali ambapo watu walikuwa wakiushughulikia mzimu badala ya kumtafuta muuaji.

Kasoro hazikosekani. Holmes hayupo kwa kurasa nyingi, na kazi yote inaachiwa rafiki yake Daktari Watson, mtu mwaminifu lakini mzito wa kuona. Tena jina la muuaji linatolewa zikiwa bado zimesalia sura kadhaa. Mwandishi mwoga angelificha mpaka ukurasa wa mwisho. Doyle anajua kwamba kumjua muuaji na kutokuwa na ushahidi wa kumpeleka kortini ni mateso makubwa zaidi. Sura ya mwisho, ambayo ni maelezo matupu, inachosha.

Liko neno moja zito ambalo wasomaji wengi hawalijali. Ili amkamate muuaji, Holmes anamfanya Sir Henry kuwa chambo, akimwamuru avuke nyika peke yake, usiku, kwa miguu, bila kumwambia kinachomngoja. Ukungu unaingia, mipango inaharibika, na mtu yule nusura afe. Muuaji anashindwa, lakini Sir Henry anashikwa na homa kali, na baadaye inambidi asafiri mbali pamoja na daktari ili akili zake zitulie. Holmes anakiri kosa hilo kwa maneno machache sana, kisha anataja habari ya chakula cha jioni na mchezo wa kuigiza.

Kitabu kina sura 15. Atakayekianza usiku aangalie kwanza kama mafuta ya taa yanatosha.