Maneno Yaliyofutwa Ukutani

Mwaka 1993, katika kijiji cha Ratta Dhotran, wilaya ya Gujranwala nchini Pakistan, Wakristo watatu walishtakiwa kwamba wameandika maneno ya kumkashifu Mtume Muhammad katika ukuta wa msikiti. Watatu hao walikuwa Manzoor Masih, Rehmat Masih na Salamat Masih. Salamat alikuwa bado mtoto. Alipohukumiwa kifo mwaka 1995, umri wake ulitajwa kuwa miaka 14. Tena hakujua kusoma wala kuandika.

Jambo la ajabu katika kesi hiyo ni kwamba maneno yenyewe hayakuonekana. Yalikwisha futwa. Mashahidi nao walikataa kuyatamka mahakamani, kwa hoja kwamba kuyatamka ni kukufuru mara ya pili. Basi mahakama ikatakiwa kupima uhai wa watu kwa maneno yasiyosomwa wala kusikiwa na hakimu, ambayo yanadaiwa yaliandikwa na mtoto asiyeijua hata herufi moja.

Aliyeshika kesi ya watu hao alikuwa Bibi Asma Jahangir, wakili wa mjini Lahore, akisaidiana na mdogo wake, Hina Jilani. Wote wawili ni binti za Kiislamu. Katika nchi ambayo wasio Waislamu hawafiki 4 katika kila watu 100, hilo halikuwa jambo dogo, na mtu ana haki ya kuuliza Bibi huyu alifikaje huko.

Alizaliwa Lahore mwaka 1952. Baba yake, Malik Ghulam Jilani, alikuwa mwanasiasa aliyethubutu kusema wazi kwamba vitendo vya jeshi katika Pakistan ya Mashariki, ambayo leo ni Bangladesh, vilikuwa dhuluma. Mwaka 1971 akatiwa kizuizini. Asma, ambaye hakuwa ametimiza miaka 20 na hakuwa amesomea sheria, akapeleka ombi mahakamani kwa jina lake mwenyewe. Mahakama Kuu ya Lahore ililikataa. Hakurudi nyuma, na mwaka 1972 Mahakama ya Juu kabisa ikaamua kwamba Jenerali Yahya Khan alikuwa ameyanyang'anya madaraka kinyume cha sheria. Uamuzi huo bado husomwa na wanafunzi wa sheria kwa jina la binti huyo. Shahada ya sheria yeye aliipata baadaye, mwaka 1978, naye amekwisha kuwa mke wa mtu.

Mwaka 1980 yeye, Hina na wenzao wengine wanawake wakafungua ofisi ya uwakili, ya kwanza nchini humo kuendeshwa na wanawake peke yao. Wakati huo Jenerali Zia-ul-Haq alikuwa anatawala, na sheria zilikuwa zikibadilishwa mwaka hadi mwaka. Mwaka 1984 waumini wa Ahmadiyya walikatazwa kujiita Waislamu. Mwaka 1986 kikaongezwa katika Sheria ya Makosa ya Jinai kifungu cha 295-C, chenye adhabu ya kifo au kifungo cha maisha kwa mwenye kumkashifu Mtume. Ni kifungu hicho kilichowakamata wale watu wa Ratta Dhotran. Katika miaka hiyohiyo wanawake wa Lahore waliandamana kupinga muswada wa sheria ya ushahidi uliotaka ushahidi wa wanawake wawili uwe sawa na wa mwanamume mmoja. Polisi wakawapiga virungu na kuwatupia mabomu ya machozi. Hiyo ilikuwa tarehe 12 Februari, 1983. Asma alionja jela mwaka huo.

Lakini mbali na maandamano kulikuwa na kazi nyingine isiyoonekana sana, nayo ilikuwa katika tanuri za matofali. Familia nzima, baba, mama na watoto, hufinyanga matofali ili kulipa deni ambalo halipungui. Deni la babu huangukia mjukuu. Wengi wa watu hao katika jimbo la Punjab ni Wakristo maskini. Mwaka 1988 mmoja wao, Darshan Masih, alimpelekea Jaji Mkuu simu ya maandishi akiomba ulinzi, na Mahakama ya Juu ikaipokea simu hiyo kama ombi rasmi la kesi. Bibi Asma akawa wakili wao. Mwaka 1992 ikapitishwa sheria ya kufuta utumwa huo wa deni. Utumwa wenyewe haukwisha, maana wenye tanuri wana nguvu na wakaguzi ni wachache; hata hivyo anayekimbia leo ana sheria ya kushika mkononi.

Kuhusu kesi ya ukuta, Manzoor hakuuona mwisho wake. Mwezi Aprili 1994 watu wenye silaha waliwamiminia washtakiwa risasi walipokuwa wakitoka mahakamani Lahore. Manzoor akafa, na wenzake wakajeruhiwa. Tarehe 9 Februari, 1995, Rehmat na Salamat wakahukumiwa kifo. Rufani ikasikilizwa upesi huku umati ukipiga kelele nje ya Mahakama Kuu. Gari la Bibi Asma likavunjwa, dereva wake akapigwa, na yeye akatishiwa kuuawa. Alirudi tena ndani kuendelea na hoja zake. Tarehe 23 Februari majaji wakawaachilia huru washtakiwa wote wawili, nao wakasafirishwa kwenda Ujerumani. Mwaka huohuo watu wenye bunduki wakaingia katika nyumba ya jamaa zake. Naye Arif Iqbal Bhatti, mmoja wa majaji wale, aliuawa kwa risasi ofisini mwake mwaka 1997.

Wako waliomwita adui wa dini, na wako waliolalamika kwamba ulimi wake ni mkali. La pili lilikuwa kweli. Lakini la kwanza haliwezi kupatana na orodha ya wateja wake, kwa kuwa aliwatetea pia wanasiasa ambao yeye mwenyewe aliwapinga, akisema kwamba haki ya kusikilizwa haichagui. Tangu mwaka 2004 hadi 2010 alikuwa mjumbe maalumu wa Umoja wa Mataifa kuhusu uhuru wa dini, na katika kazi hiyo aliyasemea makundi madogo ya kila imani, Waislamu wakiwamo pale walipokuwa wao ndio wachache. Mwaka 2010 mawakili wa Mahakama ya Juu wakamchagua kuwa rais wa chama chao; hakuna mwanamke aliyekishika cheo hicho kabla yake.

Alifariki dunia ghafula tarehe 11 Februari, 2018, mjini Lahore. Kifungu cha 295-C kilikuwa bado kipo. Siku mbili baadaye, karibu na uwanja wa michezo wa Gaddafi, maelfu walikusanyika kumswalia. Imamu alikuwa Haider Farooq Maududi, mwana wa Maulana Maududi, yule aliyekiasisi chama cha Jamaat-e-Islami, ambacho wafuasi wake walimpinga Bibi Asma kwa miaka mingi. Wanawake hawakubaki nyumbani siku hiyo. Walisimama katika safu za mbele pamoja na wanaume, jeneza likiwa mbele yao.