Ukiambiwa Rudi, Urudi

Ndugu zangu wa Bujumbura, jana jirani yangu hapa Buyenzi alirudi kutoka kuchukua majibu ya corona, akaketi mlangoni, karatasi mkononi. Haikusema anao ugonjwa, wala haikusema hana. Ilisema jibu halikueleweka, apimwe tena. Kabla ya adhuhuri uani kwetu walikuwapo waliosema ni mzima, na walioficha ndoo zao asizishike.

Wote wamekosea. Kipimo kile hutafuta alama za kirusi, mara nyingi zaidi ya moja, katika ute wa puani. Ikionekana moja na nyingine isionekane, mpimaji mkweli hawezi kukata neno. Huenda ugonjwa ndio kwanza unaingia, huenda unatoka, huenda kijiti hakikufika ndani au sampuli ilikaa kwenye joto. Basi karatasi ile si ruhusa ya kwenda soko la Ruvumera, wala si hukumu. Inamtaka mtu akae ndani siku moja au mbili, kisha arudi. Akibanwa na pumzi, asingoje siku hiyo. Apelekwe hospitali mara moja.

Tarehe 30 Juni 2020 Rais Ndayishimiye alitangaza kwamba corona ndiyo adui mkubwa wa Burundi, na tarehe 6 Julai mwaka huo tukaanza kupimwa kwa wingi. Lilikuwa jambo jema sana. Lakini fundi wa gereji kama jirani yangu hula alichopata siku hiyo. Akikaa ndani siku mbili, jikoni hakuwaki moto. Na hapa kwetu bomba ni moja, choo kimoja, nyumba sita. Atajitengaje peke yake?

Ndiyo maana nawaomba. Tumchotee maji. Tumwekee ugali na ndagala mlangoni, tubishe hodi, tusogee. Choo kioshwe kwa sabuni kila akitoka. Mwenye gereji amtunzie kazi yake. Nyumbakumi apite kumjulia hali, asipite kumtangaza. Nanyi mnaotoa majibu, mwelezeni mtu kwa Kirundi au Kiswahili maana ya karatasi yake, na mmpe siku ya kurudi.

Jirani yangu anarudi kupimwa kesho asubuhi. Maji nimeshamchotea. Chakula cha leo jioni, nani analeta?