Barafu yetu, friza yao

Ngoja nianze na swali. Ukitaka kusoma habari za mvua na ukame wa sehemu hizi kwa maelfu ya miaka, zilivyohifadhiwa ndani ya barafu ya Kilimanjaro, utakwenda wapi? Marangu? Machame? Umepotea njia ndugu yangu. Panda ndege uende Columbus, jimbo la Ohio, Marekani.

Habari yenyewe ni hii. Mwaka 2000 Lonnie Thompson wa Chuo Kikuu cha Jimbo la Ohio alipanda Kibo na wenzake, wakatoboa barafu kutoka juu mpaka kwenye mwamba. Walitoa mihimili sita ya barafu, mrefu kuliko yote ukiwa na kama mita 50. Ikateremshwa ikiwa bado imeganda, ikavuka bahari, ikawekwa kwenye chumba chenye baridi kali kuliko friza yoyote ya buchani. Mwaka 2002 wakachapisha matokeo katika jarida la Science. Kila tabaka la theluji lilikuwa limebeba vumbi na chumvi za wakati wake, kama kurasa za daftari. Walikuta tabaka jeusi la vumbi la ukame mkubwa wa miaka kama 4,000 iliyopita. Kwa hesabu zao, barafu ya chini kabisa ilikuwa na miaka 11,700 hivi.

Naomba nieleweke mapema: simlaumu Thompson. Kama asingekuja, sehemu ya daftari hilo ingekwisha kupotea bila mtu kulisoma. Mwaka 1912 barafu ya Kilimanjaro ilifunika kilomita za mraba 12 hivi. Leo imebaki kama kilomita moja tu ya mraba. Mwaka 2022 UNESCO ilisema barafu hiyo inaweza kwisha kabisa kabla ya 2050. Wewe unayesoma hapa, kama Mungu atakujalia uzima, utaishi kuona Kibo kikiwa jiwe tupu. Siku hiyo ikifika, barafu ya Kilimanjaro itakuwepo Ohio, kwetu haitakuwepo.

Sasa swali langu halimhusu mgeni aliyeichukua. Linatuhusu sisi wenyewe. Kwa nini katika sayansi ya mlima huu sisi ni wapagazi?

Maana haikuanza hivyo. Mmisionari Johannes Rebmann alipouona mlima mwaka 1848, mwongozaji wake aliuita ule weupe wa juu "baridi" tu, basi. Rebmann akaandika Ulaya kwamba kuna theluji karibu na ikweta, na bingwa wa jiografia wa London, Desborough Cooley, akamkatalia katakata bila kufika huku. Lakini Rebmann alisimuliwa jambo jingine pia: kwamba mtawala mmoja wa Machame aliwahi kutuma kundi la watu wapande wakachunguze kile kitu cheupe ni nini. Wengi hawakurudi. Aliyerudi alikuwa ameharibika mikono na miguu kwa baridi. Hebu fikiria. Kabla Mzungu yeyote hajaigusa barafu ile, mtu wa Machame alikuwa amekwisha kuuliza swali la utafiti na kutuma timu uwandani. Timu ile haikuwa na viatu wala makoti ya kufaa, ila swali lilikuwa la kwao.

Na anayeuliza swali ana uzito wake. Nitoe mfano mmoja unaotugusa watu wa Meru. Katika mihimili ile ya Thompson walipima pia floraidi, na vilele vyake vikawasaidia kutambua nyakati ambazo maziwa ya Afrika Mashariki yalipungua na kukauka. Kwa mtaalamu wa Ohio, floraidi ni alama ya ukame wa zamani. Kwangu mimi mtoto wa Akheri, floraidi ni meno ya kahawia. Ni watoto wa Maji ya Chai na Ngarenanyuki wanaoficha kicheko kwa kiganja. Mtafiti aliyekulia huku angeishika takwimu ile ile na kuuliza mengine: floraidi hii ilipeperushwa kutoka wapi, na ukame ukizidi itatufanya nini sisi tunaokunywa maji haya? Sisemi jibu limo kwenye barafu. Nasema swali hilo linahitaji mtu anayelala nalo.

Halafu barafu yenyewe bado ina ubishi. Mwaka 2010 Georg Kaser wa Innsbruck na wenzake walihoji umri ule wa miaka 11,700, wakasema huenda barafu ya Kibo imewahi kutoweka na kurudi. Thompson naye alikuwa amekadiria kwamba itakwisha kati ya 2015 na 2020. Haikwisha, na sasa vijiweni watu wanacheka: "Si mlisema itaisha?" Mtu anacheka kwa sababu hakuna wa kumweleza kwa lugha yake kwamba kule juu, kwenye hewa kavu, barafu nyingi hugeuka mvuke moja kwa moja bila kuwa maji, na kwamba kukosea tarehe ya msiba si kusema mgonjwa amepona.

Jambo hilo la mvuke lina maana kubwa nyingine. Mito ya Kilimanjaro hailetwi hasa na barafu, inaletwa na mvua na msitu. Andreas Hemp wa Bayreuth, aliyeutafiti mlima huu kwa miongo mingi, ameonyesha jinsi moto unavyousukuma msitu wa juu kuelekea chini, na kwamba hasara ya maji kwa kupoteza msitu huo ni kubwa kuliko ya barafu. Mwaka 2020 na 2022 mlima uliungua tukitazama. Sisi wa upande wa Meru, ambao mlima wetu hauna barafu hata kidogo, tunalijua hilo: msitu ukikauka, mfereji unakauka.

Mtaniambia utafiti wa barafu ni wa matajiri. Ni kweli mwaka 2019 meli ya Kijerumani Polarstern ilijigandisha makusudi kwenye barafu ya Aktiki, ikaelea nayo karibu mwaka mzima, na wanasayansi wa nchi nyingi wakapokezana humo. Hela hiyo hatuna. Lakini kuna watu wengine huko huko kaskazini ambao nao hawana meli kama hiyo: Wainuiti wa Kanada. Mwaka 2018 walitoa mkakati wao wa utafiti, wakadai kauli juu ya nini kinatafitiwa kwao, na nani anashika takwimu. Walichoanza nacho ni madai.

Sisi tunashindwa wapi? Taratibu za COSTECH zinamtaka mtafiti mgeni awe na mshirika wa hapa. Vizuri. Ila mshirika wa kwenye karatasi na mshirika wa kwenye maabara ni watu wawili tofauti. Nataka kila timu inayopanda Kibo iondoke na mwanafunzi wa Kitanzania mpaka maabara, na nakala ya takwimu ibaki hapa, kwa mfano Tengeru, kwenye taasisi ya Nelson Mandela. Nataka matokeo yaandikwe pia kwa Kiswahili, yafike shuleni. Watu tunao. Askwar Hilonga wa hapo hapo Tengeru alishinda tuzo ya uhandisi ya Afrika mwaka 2015 kwa chujio lake la maji.

Wazee wa Meru waliponyang'anywa ardhi ya Engare Nanyuki mwaka 1951, hawakumwachia Mwingereza mwema awasemee. Walichanga, na mwaka 1952 Kirilo Japhet akaenda New York kusimama mwenyewe mbele ya Umoja wa Mataifa. Ardhi haikurudi siku ile, lakini dunia ilisikia habari kutoka kinywani mwa mwenye nayo.

Barafu hatuwezi kuizuia kwa mchango wa kijiji. Ila tunaweza kuamua nani ataisimulia ikiisha. Wewe unayesoma jiografia, kemia au hesabu pale Mlimani, SUA au Tengeru, unasubiri nini?