Mac mini ni Nzuri, Lakini Msiwadanganye Watu wa Kericho

Haya jamani, tulizungumze hili. Kila mwaka bonasi ya majani chai ikikaribia, swali hurudi lile lile: "Ninunue kompyuta gani?" Na siku hizi mabingwa wa YouTube wana jibu moja tu. Nunua Mac mini ya M4, wanasema, hakuna kompyuta ya mezani inayoishinda kwa bei yake. Ushauri huo unafika Litein, Kapkatet, Sotik, Mogogosiek na Bomet mjini, kwa mzazi mwenye mtoto Chuo Kikuu cha Kabianga na kwa kijana anayetaka kufungua saiba.

Msimamo wangu nautoa mapema: mashine ni nzuri, ushauri ni mbaya. Wao wanaipima siku ya kwanza, inapotoka kwenye boksi. Mkulima anayenunua kwa pesa ya bonasi inampasa aipime mwaka wa tano, siku ambayo kitu kimekufa ndani yake.

Kwanza tuitendee haki

Apple ilitangaza mashine hii Oktoba 2024 na kuanza kuiuza Novemba 8 mwaka huo, bei ya kuanzia ikiwa dola 599. Ni kiboksi cha sentimita 12.7 kila upande na kimo cha sentimita 5. Ndani kuna chipu ya M4, RAM ya GB 16 na SSD ya GB 256. Ile ya M2 ya mwaka 2023 ilianzia RAM ya GB 8 kwa bei hiyo hiyo, kwa hiyo hapa mnunuzi alipata kitu. Ina kasi na haipigi kelele. Mimi kazi yangu ni kuandika programu, na sina ubishi na uwezo wake.

Lakini sifa yake kubwa kwetu ni ile ambayo wasifiaji huipita mbio: stima. Kwa takwimu za Apple wenyewe, ikiwa imewashwa bila kazi inakula wati 4 tu, na ikikazwa hadi mwisho ni wati 65. Ikiwa imetulia, monita yako inakula zaidi kuliko kompyuta yenyewe! Maana yake UPS ndogo, au betri ya sola ya kiasi, itaibeba kwa muda mrefu kuliko mnara wa zamani unaokula makumi ya wati hata ukiwa umekaa bure. Nchi yetu iliingia gizani karibu yote Agosti 25, 2023, na mwaka 2024 tukaonja giza la namna hiyo zaidi ya mara moja. Hii si sifa ya kudharau.

Sasa mabaya

1. Haiongezeki. RAM imefungwa pamoja na chipu, haitoki. Ukinunua GB 16, utakufa na GB 16. Na msiniambie kiboksi kidogo hakiwezi kufanywa vingine. Mac mini za kuanzia 2010 hadi 2012 zilikuwa na kifuniko cha chini ambacho ulikizungusha kwa mikono, ukabadilisha RAM mwenyewe, ukafunga. Kampuni ni ile ile.

2. Bei ya 599 ni ya mlangoni tu. Kwenye boksi kuna mashine na waya wa stima. Kibodi, kipanya na monita utajitafutia. Kupanda kutoka GB 256 hadi 512 kulikuwa dola 200 zaidi wakati inazinduliwa. Kwa dola ya shilingi kama 129, hizo ni shilingi 25,800 kwa GB 256 za ziada. Na dola 599 zenyewe ni zaidi ya shilingi 77,000 kabla ya usafiri, kodi na faida ya muuzaji.

3. Matundu. Ina USB-C mbili mbele na Thunderbolt tatu nyuma. Ile USB pana ya kawaida haina hata moja. Sasa nenda saiba yoyote uhesabu: printa, skana, kibodi, kipanya, flashi za wateja. Vyote vina kichwa kipana. Utanunua adapta, na adapta ya bei rahisi ndiyo itakayokuwa ya kwanza kukuangusha mteja akiwa amesimama pale.

4. Radi. Hili ndilo linalonikera zaidi, na silisikii likisemwa. Nyanda zetu za chai ni za mvua ya alasiri, radi na mvua ya mawe. Kwenye kompyuta ya kawaida, radi ikiua bodi, mara nyingi fundi huchomoa diski, akaichomeka kwenye mashine nyingine na kukuokolea mafaili. Kwenye Mac mini hii hawezi. Data imesimbwa kwa ufunguo unaokaa ndani ya chipu yenyewe. Chipu ikifa, mafaili yamekwenda nayo. Kwa usalama dhidi ya wezi ni jambo zuri sana. Kwa mwanafunzi ambaye tasnifu yake imo humo na hana nakala pengine, ni msiba.

Na fundi mwenyewe? Apple haina duka lake Kenya. Ukitaka huduma inayotambuliwa, jitayarishe kwa safari ya Nairobi, zaidi ya kilomita 200. Fundi wa Kericho mjini ni hodari, lakini uhodari hausaidii pale ambapo kipuri hakiuzwi.

"Lakini ndiyo teknolojia ilivyo!"

Najua nitajibiwa hivyo. Watasema RAM ikikaa karibu na chipu data hupita haraka zaidi, na ni kweli: M4 inapitisha GB 120 kwa sekunde. Nakubali. Lakini SSD je? Waliofungua mashine hii walikuta SSD yake iko kwenye kadi inayochomoka, ila si ya umbo la kawaida linalouzwa madukani. Hapo huwezi kusingizia kasi. Hapo ni biashara.

Mkulima wa chai ataelewa hoja hii kuliko mhandisi. Mchai hupandwa mara moja, ukapogolewa kila baada ya miaka michache, ukalisha watoto na wajukuu. Hakuna anayeung'oa kwa sababu tawi moja limekauka. Kwa nini tukubali kompyuta ya shilingi 77,000 itupwe kwa sababu ya tawi moja?

Basi tununue nini?

Kama unahariri video za kwaya kila wiki, au unatengeneza programu za iPhone, chukua Mac mini, na ununue diski ya nje ya kuhifadhi nakala siku hiyo hiyo. Itakulipa.

Kwa saiba na mwanafunzi, angalia Dell OptiPlex, HP EliteDesk au Lenovo ThinkCentre iliyotumika, zile ex-UK. Kwa pesa ya Mac mini moja, kwa kawaida utapata mbili na UPS juu. RAM na diski zake zinapatikana mjini. Lakini fungua macho! Windows 10 iliacha kuhudumiwa Oktoba 14, 2025, na Windows 11 kwa kawaida inataka Intel ya kizazi cha 8 kwenda juu. Soma namba: i5-8500 ni kizazi cha 8, i5-6500 ni cha 6. Ukiuziwa ya kizazi cha 6 kwa bei ya kutupa, weka Linux Mint au Ubuntu. eCitizen, iTax, HELB na KUCCPS zote zinafunguka kwenye kivinjari, hazikuulizi una chipu gani.

Ukifika dukani, uliza maswali matatu. RAM inaongezeka? Diski inachomoka? Nani ataitengeneza hapa hapa? Muuzaji akianza kukueleza jinsi kiboksi kilivyo kidogo na kizuri, jua hajakujibu.