Kijidudu Chenye Makoti Zaidi ya Elfu

Wiki hii tunaongelea pamba, lakini siyo pamba za Kariakoo. Namzungumzia bingwa wa kubadili nguo ambaye wengi wenu hamjapata kumwona. Anaishi kwenye mapori ya Biharamulo na Ngara, kule kwetu Kagera, na anasafiri bure mgongoni kwa mbung'o. Samahani, tumboni kwake!

Jina lake ni tripanosoma. Huyo ndiye analeta malale kwa watu, na ndugu zake wanaleta nagana kwa ng'ombe. Wanaosafiri kwa basi kwenda Ngara wanayajua mapori yale ya Biharamulo, Burigi na Kimisi, ambayo mwaka 2019 yaliunganishwa kuwa Hifadhi ya Taifa ya Burigi-Chato. Watalii wanafuata twiga. Mbung'o yeye anafuata damu ya yeyote.

Nina mjomba anafuga Biharamulo. Juzi nimempigia simu, nikampa shikamoo yake, na badala ya kuniuliza habari za mjini akaanza na ng'ombe. "Mpwa wangu, nampiga sindano ananyanyuka, mwezi haujaisha kalegea tena. Watoto wana chanjo ya surua. Huyu chanjo yake iko wapi?"

Mimi niliishia kidato cha nne, jamani, lakini swali la mjomba hulitupi jalalani. Nikauliza wanaojua, nikasoma. Jibu lake ni koti.

Kijidudu hiki kimejifunika koti la protini yenye sukari, molekuli kama milioni 10 zimebanana mwili mzima. Askari wa mwili wako wanaliona koti, wanalikariri, wanaanza kuua. Kumbe wachache wameshavaa koti jingine! Askari wanaanza upya, homa inapanda tena. Kijidudu kina jeni za makoti zaidi ya elfu moja, na mengine kinayaunga vipande vipande kama fundi cherehani. Sasa utatengeneza chanjo ya koti lipi? Ndiyo maana hadi leo malale haina chanjo, wala nagana.

Hapo wataalamu wakajiuliza swali la kijanja. Makoti yanabadilika, sawa, lakini yanashikizwa na nini? Kila koti lina kifungo, yaani nanga ya sukari na mafuta inayolikamata kwenye ngozi ya kijidudu. Kifungo hicho hakibadilikibadiliki ovyo. Tatizo likawa kukisoma. Protini unaweza kuifuata kwenye jeni, imeandikwa mle. Mnyororo wa sukari haujaandikwa popote. Sukari ipi imeshikana na ipi, kwa upande gani? Ni lazima uisome yenyewe.

Ndipo inapoingia spektroskopia ya mwangwi wa sumaku, kwa kifupi NMR. Jina linatisha, lakini kazi yenyewe inaeleweka. Kiini cha hidrojeni kinatenda kama kisumaku kidogo. Unachukua sampuli iliyosafishwa, unaitia kwenye mrija mwembamba wa kioo, unaitumbukiza katikati ya sumaku kali, halafu unaipiga mawimbi ya redio. Vile visumaku vinayumba na kurudisha mawimbi yake. Kila kimoja kina stesheni yake, kutegemea majirani waliokizunguka. Anayejua kuzisoma stesheni hizo anaichora molekuli nzima bila kuiona. Ni ukoo mmoja na mashine ya MRI mnayoisikia Muhimbili, ila ile inapiga picha ya mwili na hii inasoma molekuli. Mswisi Kurt Wüthrich alipata Tuzo ya Nobel mwaka 2002 kwa kuonyesha jinsi ya kupata umbo la protini kwa njia hiyo.

Basi mwaka 1988, pale Oxford, Uingereza, Michael Ferguson, Steve Homans, Raymond Dwek na Thomas Rademacher walitumia NMR pamoja na vipimo vingine wakakisoma kifungo kizima. Kina manosi tatu, glukosamini moja, inositoli, na miguu miwili ya mafuta iliyozama kwenye ngozi ya kijidudu. Pembeni kuna matawi ya galaktosi.

Mnataka kushangilia? Subirini kwanza. Mwaka huohuo ilisomwa nanga ya protini moja ya ubongo wa panya. Uti wa mgongo wake ni uleule! Na sisi binadamu tunao. Adui anatumia kifungo kama cha kwetu, tofauti ziko kwenye matawi na kwenye namna kinavyotengenezwa. Utafiti uliofuata ukaonyesha kwamba ukikizima kiwanda cha vifungo, kijidudu cha kwenye damu hakiishi. Kazi iliyobaki ni kukizima cha kwake bila kugusa cha kwako.

Msidhani huo ni mchezo wa watu wenye pesa. Kutoijua tofauti kati ya adui na mgonjwa kumetugharimu. Mwaka 1906 na 1907 Mjerumani Robert Koch alikuwa visiwa vya Sese, Uganda, ziwa lilelile la Bukoba, akiwatibu watu wa malale kwa Atoxyl, dawa yenye aseniki. Kuna waliopofuka. Mwaka 1949 ikaja melarsoprol, nayo ya aseniki, na ilikuwa inaua takriban mgonjwa 1 kati ya 20 iliokusudiwa kuwaponya. Dawa ya vidonge, fexinidazole, imekubaliwa kwa malale ya upande wetu wa Afrika Mashariki juzijuzi tu: wakaguzi wa dawa wa Ulaya waliipitisha Desemba 2023, na Shirika la Afya Duniani likaiingiza kwenye mwongozo wake mwaka 2024. Haikutokana na kile kifungo, lakini inaonyesha kwamba sumu siyo lazima.

Kinachoniuma mimi ni kwamba kijidudu ni cha kwetu, ng'ombe ni wa mjomba, ila sumaku ziko Oxford. Wewe uliyeko shuleni unayesema fizikia ni ya wenye miwani minene, fikiria hilo kabla hujaiacha.

Kwa leo fanyeni haya. Ukienda Burigi-Chato kutembea, jinzi ya bluu na fulana nyeusi ziache nyumbani, maana mbung'o anazipenda rangi hizo, na mitego yake hushonwa kwa vitambaa vya bluu na vyeusi. Vaa kaki, mikono mirefu. Ukirudi mjini ukashikwa na homa, usikimbilie dawa ya malaria ya dukani. Mwambie daktari, "Nimetoka porini, nimeumwa na mbung'o," akupime damu. Wagonjwa wa malale nchini siku hizi ni wachache, ndiyo sababu daktari anaweza asiifikirie kabisa usipomtajia. Na malale ya huku kwetu haina subira, bila tiba inaua ndani ya miezi michache.

Wiki ijayo tunarudi kwenye pamba za kawaida. Kaeni salama!