Jua, Mizani na Haki ya Mkulima

Mkulima wa Magamba, Mpanda, apelekapo mahindi kwenye mizani ya umeme, hupimiwa kwa kitu asichokiona. Ndani ya mizani hiyo mna kipande cha chuma kilichobandikwa waya mwembamba. Mzigo ukikilemea, chuma hupinda kidogo, waya huvutika, na ukinzani wake wa umeme huongezeka. Badiliko hilo ndilo lisomwalo kuwa kilo.

Lakini joto nalo hutanua chuma, tena hubadili ukinzani wa waya. Halijoto ikipanda kwa nyuzi 20 za sentigredi, chuma hurefuka kwa takriban sehemu 240 katika milioni, ilhali mzigo kamili huenda ukakirefusha kwa sehemu 1,000 tu. Waya mmoja hauwezi kutofautisha jua na mahindi.

Dawa ipo. Waya wa pili, wa aina ileile, hubandikwa kando yake juu ya chuma cha namna moja kisicholemewa. Nyaya hizo huungwa katika pande mbili zinazopakana za daraja la umeme aliloeneza Charles Wheatstone mwaka 1843. Joto huzibadili zote sawasawa, na athari yake hujifuta; mzigo hubadili mmoja tu.

Kwa hiyo daraja hili lisikaririwe tu darasani. Wanafunzi na wapime jiwe lilelile asubuhi na adhuhuri, waandike tofauti. Na mizani isiyosoma sifuri ikiwa tupu isipime jasho la mtu.